Mtoto wa mbwa wa wiki 10 anang'ata mikono na visigino, dawa yake nini?

Mgeni_wa_Mbwa

Habari zenu wakuu. Tuna mtoto wa mbwa dume wa wiki 10, ana kilo 5 hivi, chotara wa mbwa wa kuchunga mifugo. Alichukuliwa kwa mama yake akiwa na wiki 6. Mchana ana nafuu, lakini jioni ikiingia ni vita: vidole, pindo za suruali, na zaidi visigino vya watoto (mmoja miaka 4, mwingine 9). Kupiga ukelele wa "aai!" kunamchochea tu, na akikemewa anabweka kisha anarudi palepale. Kuna wanaoshauri abanwe mdomo, wengine tupake pilipili mikononi.

Naomba kujua: huu ni ukali au mchezo? Tufanye nini hatua kwa hatua? Na itachukua muda gani?

---

Kamba_Ndefu

Ni mchezo, mkuu. Mtoto wa mbwa hana mikono, kwa hiyo kila anachotaka kukijua anakijua kwa mdomo. Anayecheza utamwona mwili umelegea, anarukaruka, anainamisha kifua huku makalio yako juu, na anahama kutoka kitu hiki hadi kile. Hata akinguruma wakati wa kuvutana kamba, si neno. Kinachotakiwa kukushtua ni mwili kukakamaa ghafla, kuganda juu ya bakuli au kitu alichokishika, macho kukodoa bila kupepesa, mdomo kujikunja meno yakaonekana. Ukiona hivyo, kwanza daktari wa mifugo (maumivu hufanya mbwa mpole ang'ate), halafu mkufunzi.

Wiki 6 ni mapema. Ndugu zake ndio wangemfundisha kupima nguvu ya taya: akibana kupita kiasi, mwenzake analia na mchezo unakwisha. Wiki mbili zile za ziada, hadi ya 8, zina somo kubwa, na somo hilo sasa limewaangukia ninyi.

Kabla ya kuanza andaeni vitu viwili. Cha kwanza ni vichezeo virefu, sentimita 60 au zaidi, kimoja kila chumba mnachokaa, mahali ambapo mkono unafika bila kunyanyuka. Urefu una maana yake: meno yanakuwa mbali na vidole. Cha pili ni chakula chake chenyewe. Toeni kama robo ya chakula cha siku, kiwe mfukoni, kipande kimoja kisizidi punje ya njegere. Msiongeze juu ya chakula cha siku, mtamnenepesha bure.

Sasa tendo lenyewe:

Meno yakigusa ngozi au nguo, mkono ugande. Usiuvute. Mkono unaokimbia ni windo, na mbwa wa kuchunga ameumbwa kufukuza kinachokimbia. Subiri alegeze taya, hata kama ni nusu sekunde, sema "ndiyo" na umpe kichezeo kikiwa kinatembea sakafuni. Neno hilo litoke ndani ya sekunde moja au mbili, ukichelewa utakuwa umesifia jambo jingine.

Akikiacha kichezeo na kurudia ngozi, sema "basi" kwa sauti ya kawaida, simama, vuka geti dogo la ndani au funga mlango, hesabu sekunde 15 hadi 30, rudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna kufoka wala kumkodolea macho. Anachopoteza ni wewe, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta.

Akirudia mara tatu mfululizo, acha mafunzo. Hapo hakuna ukaidi. Amechoka, ana njaa au anataka kwenda haja.

Makosa yanayoharibu kazi hii nayajua ni yaleyale. Watu humtenga dakika tano au kumi, na ndani ya dakika ya kwanza ameshasahau sababu, ameanza kutafuna kiatu. Watu humkemea huku wanamsukuma kwa mikono, na kwake kusukumwa ni mieleka. Na nyumba huwa na sheria mbili: mama anaondoka, baba anacheza naye kwa vidole. Kung'ata kunakolipa mara moja kati ya kumi hakufi, kunakomaa.

Kosa la nne ni la werevu zaidi. Kichezeo kikija baada ya kung'ata *kila mara*, mtoto anajifunza kwamba akitaka kichezeo ang'ate kwanza. Kwa hiyo mara nyingi kichezeo kitangulie. Mtamzoea: macho yanatua kwenye pindo la suruali, kichwa kinashuka, hatua zinakuwa fupi. Kichezeo kitoke hapo, meno yakiwa bado hewani.

Siku za mwanzo anaweza kuzidisha. Mlango uliokuwa unafunguka kwa kugonga mara moja, usipofunguka utaugonga kwa nguvu zaidi kabla ya kuondoka. Wengi hukata tamaa hapo na kubadilisha njia, na hapo ndipo anajifunza kwamba nguvu zaidi ndiyo jibu.

---

Usingizi_Kwanza

Yote ya Kamba_Ndefu sawa, ila neno lililonigonga kwenye swali ni "jioni". Mtoto wa mbwa wa umri huo analala saa 18 hadi 20 kati ya 24. Nyumba yenye watoto wawili haimpi hata 14. Aliyekosa usingizi halali tu mwenyewe. Anapanda mori, anakimbia mizunguko, anang'ata chochote. Ni sawa na mtoto wa binadamu anayelia kwa sababu ya usingizi huku anakataa kulala.

Kipimo rahisi: akikaa macho saa moja, alale saa moja na nusu hadi mbili. Mlazeni kabla hajaharibikiwa, kwenye kizimba au chumba tulivu chenye giza kidogo, na kitu cha kutafuna. Kizimba kisiwe jela. Kwanza ale humo mlango ukiwa wazi kwa siku kadhaa, kisha ufungwe dakika moja, mbili, tano.

Kwa saa za jioni ningepanga hivi. Alale kuanzia saa 9.30 alasiri. Saa 11 aamke, aende haja mara moja, halafu sehemu ya chakula cha jioni imwagwe kwenye nyasi au juu ya taulo lililokunjwakunjwa aitafute kwa pua. Dakika kumi za kunusa zinamtuliza kuliko nusu saa ya kukimbizwa. Baada ya hapo mafunzo ya dakika tatu hadi tano, kuvutana kamba kidogo, kisha kutafuna akiwa amelala chini. Saa 12 kamili arudi kulala. Saa 2 usiku mzunguko mfupi zaidi, bila kuvutana kamba.

Kuhusu kuvutana kamba: wapo wanaokataza eti kunaleta ukali. Hakuleti, mradi mchezo uwe na mwanzo na mwisho. Vuteni kwa upande, chini, kwa usawa wa kichwa chake. Msimnyanyue wala kumpiga vishtuo, shingo na meno bado ni changa. Sekunde 15 za kuvuta, halafu mkono ushike kamba ubaki umetulia kwenye paja, kamba "ife". Akiachia, sema "ndiyo", na tuzo yake kubwa ni kurudishiwa kamba ileile. Asipoachia, mweke kipande cha chakula puani. Akishakuwa anaachia bila kusita mara tano au sita mfululizo, ndipo neno "acha" litangulie. Likianza kutamkwa mapema litakuwa kelele tu masikioni mwake.

---

Taya_Laini

Niunge mkono kidogo na nipinge kidogo.

Kuna njia mbili za kufundisha jambo hili na watu huzichanganya. Ya kwanza huruhusu mdomo mwepesi, hukataza wa kuumiza tu, kisha kila wiki kiwango kinapandishwa hadi meno yasiguse kabisa. Hoja yake ni nzuri: mbwa aliyejifunza kupima taya, hata siku akikanyagwa mkia na kugeuka kwa mshtuko, ataacha alama badala ya jeraha. Ya pili inakataza jino lolote juu ya ngozi tangu siku ya kwanza. Kwa watu wazima wenye subira mimi huwa upande wa ya kwanza. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 4, hapana. Ngozi ya mtoto ni nyepesi, na mbwa hawezi kukumbuka kwamba kidole cha baba kinaruhusiwa na cha mtoto hakiruhusiwi. Chagueni ya pili, na taya azipimie kwenye kamba na kwa watoto wa mbwa wenzake waliochanjwa.

Ukelele wa "aai!" si uongo, lakini si wa kila mbwa. Baadhi hushtuka na kusita, wengine wanausikia kama sauti ya mnyama aliyekamatwa na wanazidi. Ukijaribu mara tatu na hasiti, achana nao.

Sasa hayo ya kubana mdomo na pilipili. Ukimbana mdomo, mkono unaokuja usoni unakuwa dalili ya balaa. Mwezi ujao utataka kumpiga mswaki, kumpa dawa ya minyoo, kumwangalia jicho, na utakuta anakwepa au anauwahi mkono kwa meno. Kumpindua chali na kumkandamiza ni hivyohivyo. Kumpiga kwa sababu amenguruma ni vibaya kuliko vyote: unaua king'ora, moto unabaki. Mbwa aliyenyamazishwa ndiye anayeng'ata "bila onyo". Pilipili nayo itaishia kwenye macho ya mtoto wenu wa miaka 4 kabla haijamfundisha mbwa chochote.

Tena mkono upewe maana nyingine. Nyoosha kiganja sentimita 5 kutoka puani. Atakinusa, pua ikigusa tu, "ndiyo", kipande cha chakula kutoka mkono *mwingine*. Mara kumi, asubuhi na jioni. Akifungua mdomo badala ya kugusa, ondoa kiganja, subiri sekunde mbili, kirudishe karibu zaidi ili asipate nafasi ya kupanua taya. Baada ya siku chache neno "gusa" linamfanya aje kwa pua pale ambapo angekuja kwa meno.

---

Mgeni_wa_Mbwa

Asanteni sana. Mambo matatu yamebaki. Tukimbeba kumtoa chumbani ndipo anang'ata zaidi. Mtoto mdogo akifuatwa anakimbia na kupiga mayowe, hata umwambie nini. Na leo mkubwa ametoka damu kidogo mkononi, meno ya huyu kiumbe ni sindano tupu.

---

Meno_28

Nianze na damu, hilo halisubiri mafunzo. Osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa makadirio. Kisha dawa ya kuua vijidudu kama ayodini, na mtoto apelekwe kituo cha afya leo hiihii akaangaliwe kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Msipake pilipili, majani wala mafuta, na msikibane kidonda. Mbwa anaonekana mzima? Bado mwende. Kirusi hupita kwenye mate, na ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara unaua, wakati chanjo ikiwahi inazuia. Mbwa mwenyewe kwa kawaida huchanjwa kichaa kuanzia wiki ya 12, kwa hiyo wa wiki 10 huenda hana kinga hiyo bado. Muulizeni daktari wa mifugo ratiba na awamu ya kurudia.

Kuhusu sindano: hayo ni meno ya utoto, 28, membamba na yenye ncha. Ya mbele huanza kung'oka karibu na miezi mitatu hadi minne, chonge hufuata kwenye wa tano au wa sita, na ikifika miezi sita au saba mdomo una meno 42 ya ukubwani. Kwa hiyo tarajieni mambo yatulie, kisha yapande tena karibu na mwezi wa nne fizi zikianza kuwasha. Kuona tone la damu kwenye kichezeo au jino dogo sakafuni wakati huo ni kawaida. Kisicho kawaida ni chonge mpya kuota huku ya zamani bado imesimama pembeni yake. Jino la zamani lisipotoka hupindisha jipya, na kazi hiyo ni ya daktari.

Vya kutafuna: kitambaa kizito kilicholoweshwa, kikasokotwa na kugandishwa, kichezeo cha mpira chenye tundu, kikijazwa chakula kilicholainishwa na kugandishwa. Mfunguke macho kwenye ugumu. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipobonyea hata kidogo kinaweza kuvunja jino, na pembe na kwato ndiko ziliko. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, na gunzi la mahindi huziba utumbo. Kitu chochote kinachoweza kupita nyuma ya magego ni kidogo mno kwake, na kamba ikianza kutoa nyuzi itupwe. Siagi ya karanga iwe isiyo na zailitoli (xylitol, kitia utamu kinachowekwa badala ya sukari), hiyo ni sumu kwa mbwa. Na asije mtu akampa dawa zenu za maumivu eti fizi zinamuuma. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumuua.

---

Kamba_Ndefu

Msimbebe. Mbwa anayebebwa akiwa amepanda mori hana pa kupeleka mdomo isipokuwa mkononi. Mvisheni mkanda wa kifuani wenye kamba nyepesi ya mita 1.5 hadi 2 inayoburuta sakafuni, isiyo na kitanzi mwishoni ili isinase kwenye miguu ya viti. Ikihitajika, mnaokota ncha na kumwongoza mbali na mtoto bila mikono kukaribia kichwa. Iwe mwilini mkiwa mnamwona tu. Kizimbani inavuliwa, inaweza kumnyonga. Lakini utaratibu wa kwanza bado ni ninyi kuondoka.

Mtoto wa miaka 4 msimpe kazi ya kufundisha mbwa. Huyo kazi yake ni geti. Wakati mtu mzima hayupo karibu kiasi cha kunyoosha mkono, mbwa upande mmoja, mtoto upande mwingine, hata kama ni dakika ya kwenda kuzima jiko. Urafiki waujengee kupitia geti: mtoto anarusha kipande cha chakula *mbali* naye, mbwa anakifuata, anarudi, anakaa, kinarushwa kingine. Mbwa anajifunza kwamba mtoto huyu huleta mema akiwa ametulia, na mtoto hapati sababu ya kukimbia.

Wa miaka 9 anaweza kujifunza "mti": simama, kunja mikono kifuani, angalia juu, nyamaza. Fanyeni naye mazoezi mbwa akiwa kizimbani kwanza, mara kumi, mpaka iwe mchezo. Akiangushwa chini awe "jiwe": magoti kifuani, mikono shingoni, uso chini.

Kwa visigino kuna zoezi lake, na kwa mbwa wa kuchunga siliachi. Tembea hatua tatu polepole, na kabla hajafika kisigino dondosha kipande sakafuni kando ya mguu wako. Hatua tatu, kipande. Akizoea, tano, kisha kumi, kisha mwendo wa haraka kidogo, kisha viatu vyenye kamba na suruali pana ambazo ndizo humtia wazimu. Akidaka nguo simama wima kama nguzo mpaka aachie, halafu rudi kwenye hatua mbili. Mtoto wa miaka 9 aingie zoezini ninyi mkishafika hatua kumi bila jino.

Muda: mkiwa na sheria moja nyumba nzima, ndani ya wiki mbili hadi nne kwa kawaida mnaona anang'ata kwa nguvu ndogo na mara chache. Kuisha kabisa huwa baada ya meno kubadilika.

---

Taya_Laini

Dogo la mwisho, maana halijatajwa: jinsi anavyopokea chakula mkononi. Akinyakua pamoja na vidole, kila tuzo mnayompa ni somo la kung'ata. Fumba kipande ndani ya ngumi, mwachie akwangue, alambe, asukume kwa pua. Jino likigusa ngumi haifunguki. Ulimi ukigusa, au akirudi nyuma hata kidogo, fungua kiganja bapa ale hapo. Watoto wampe kwa kiganja bapa tu, au waweke chini.

Na bakuli: hakuna kumtia mkono ndani wakati anakula "ili azoee". Pita mita moja pembeni, dondosha kitu kitamu kuliko kilichomo, endelea na safari yako. Siku chache baadaye pita karibu zaidi. Akiinua kichwa huku mkia umelegea mnapokaribia, mko sawa. Akianza kula harakaharaka na mwili kukaza, rudini umbali wa jana.

---

Mgeni_wa_Mbwa

Tumerudi kutoka kituo cha afya, mkubwa ameanza chanjo. Geti tunafunga leo, na saa 9.30 huyu kiumbe analazwa kizimbani apende asipende.